Hisa za Shimo la Henri

Tangu azaliwe, Tata Polycarpe Tshibangu hakuwahi kulipa bei aliyotajiwa. Ukimwambia kumi anasema nne, ukikubali nne anasema mbili, kisha anageuza mgongo na kuondoka pole pole ili umwite. Siku ya kumzika mama yake alibishana na fundi wa majeneza mpaka pasta akamaliza nyimbo zote alizozijua, na jeneza likaja bila vishikio kwa sababu vishikio alivikataa. Watu wakalibeba kwa kulikumbatia. Ukimkumbusha habari hiyo hata leo atakuuliza: mama alifika kaburini au hakufika?

Mtu wa namna hiyo hafi njaa Kolwezi. Alikuwa na depo yake kando ya barabara, kibanda cha mabati chenye mizani na ile mashine ndogo ya kupimia teneur, yaani kiasi cha shaba na kobalti kilichomo ndani ya jiwe. Wachimbaji walimletea magunia mgongoni na kwenye baiskeli, yeye akaelekeza mashine, namba ikatoka, na hapo mdomo wake ukaanza kazi. Aliwaambia gunia ni nguo tu, na yeye hanunui nguo, ananunua kilichovaa nguo. Aliwaambia gunia kubwa la mawe maskini ni mzigo, na kwamba mjinga hutazama bei ya gunia ilhali mwenye akili hutazama ndani yake. Vijana walinuna, wakachukua pesa, wakaenda zao. Yashikeni maneno hayo vizuri, maana mwenyewe aliyaachia siku aliyoyahitaji.

Mke wake, Mama Ernestine, aliuza bitoyo sokoni, samaki wa chumvi. Kwa samaki hao alikuwa amenunua kiwanja na kupandisha kuta za nyumba ya vyumba vitatu, bado mabati tu. Ndiyo nyumba aliyotaka kuzeekea. Binti yao, Naomie, alikuwa ameolewa na kijana mchimbaji kutoka Musumba, jina lake Elisée, mpole, mwenye kucheka kwa kuinamisha kichwa. Polycarpe hakumpenda hata kidogo. Baba yake Polycarpe aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, akavaa kofia ya kampuni na kulipwa kila mwezi mpaka akafa. Sasa mjukuu wa mtu kama yule anaolewa na mtu anayeingia ardhini kwa kamba! Alimwita panya, na alimwita hivyo mezani, Elisée akiwa palepale na tonge la bukari, ugali wetu, mkononi.

Sasa, mashimo yetu yana hisa, msishangae. Kuchimba kunataka chakula cha vijana, kamba, mafuta ya mashine ya kusukuma hewa, na mtu mmoja hawezi peke yake. Kwa hiyo mwenye kuanzisha shimo analigawa hisa na kuziuza, na mawe yakitoka kila mtu anapata kwa kadiri ya hisa zake. Anayeshika zaidi ya nusu ndiye mwenye shimo. Anakabidhiwa kamba mbele ya mashahidi, anawekewa kiti, na shimo linaitwa kwa jina lake. Na shimo likimeza watu, ni yeye anayewatoa, ni yeye anayewazika, na kilio kinakaa uani kwake. Miaka ya nyuma mwenye shimo mmoja aliuza lori lake kwa ajili ya kilio cha namna hiyo. Mambo hayo kila mtu anayajua. Polycarpe naye aliyajua, ila yeye siku zote alikuwa anakifikiria kile kiti.

Shimo la Henri lilikuwa nje ya mji, upande wa barabara ya Mutshatsha, na lilikuwa na sifa. Hisa moja ilikuwa bei ya pikipiki mpya. Polycarpe aliitamani, akaibishia bei mwaka mzima, akaambulia patupu. Elisée alikuwa anafanya kazi humo.

Basi Jumatatu moja Mechack, yule kijana mnene anayemfanyia Henri shughuli zake, akaingia depo na kufunga mlango nyuma yake. Akaeleza kwamba Tata Henri ana haja ya haraka, anahamia Kisenge kwenye kazi nyingine, na anauza hisa zake. Bei? Hisa moja kwa bei ya gunia la unga. Polycarpe alifikiri amesikia vibaya. Pikipiki jana, gunia la unga leo, na shimo ni lilelile, halijahama! Moyo ulimruka, lakini uso akauacha umelala, maana uso wake ulikuwa umezoea kazi hiyo. Akasema unga umepanda bei siku hizi, apunguze.

Mchana uleule Naomie alikuja nyumbani kwao. Elisée hakuwa amerudi tangu Jumamosi. Wake za wenzake nao walikuwa hawana habari za waume zao. Mechack alikuwa amewaambia kwamba timu nzima imepelekwa Kisenge na Henri, huko simu hazishiki, wasubiri. Lakini Naomie hakutulia. Alisema mume wake hakubeba hata shati, na si mtu wa kuondoka bila kuaga. Alimwomba baba yake, kwa kuwa anajulikana na watu wote wa mashimo, aende akaulize.

Polycarpe akamjibu kwamba panya akihama haagi mtu, na kwamba yeye alimwonya tangu mwanzo. Naomie akatazama chini. Mama Ernestine akamshika mkono na kumsindikiza mpaka barabarani, kisha akarudi na hasira zake.

Jioni, wakila, Polycarpe hakuweza kujizuia, akamweleza mke wake habari ya hisa. Akapiga hesabu kwa sauti: kule kwa Mama Wivine, shimo la jirani, hisa bado ni pikipiki na wajinga wanapanga foleni. Kwa bei ya hisa chache za Wivine, yeye anapata zaidi ya nusu ya shimo la Henri. Nani mwenye akili hapo? Mama Ernestine alimsikiliza mpaka mwisho. Ni mwanamke aliyeuza samaki miaka mingi, na samaki hana subira na mtu mjinga.

"Polycarpe," akasema, "sokoni nikiona mwenzangu anashusha bei saa sita mchana, sikimbilie kununua. Nainama kwanza, nanusa. Bei inakwambia mutu anataka kuuza. Haikwambie anauza nini. Weye unusa kwanza."

Alikasirika, kwa sababu alikuwa akisikia maneno yake mwenyewe kwenye mdomo wa mke. Akamwambia samaki na madini si ndugu. Lakini kesho yake, Jumanne, akaenda kunusa.

Alikuta mdomo wa shimo umefunikwa turubai, mawe yamewekwa pembeni kuikandamiza. Hakuna mtu anayefanya kazi. Mashine ya hewa imezimwa. Mechack alikuwa ameketi kwenye dumu anakula karanga, akaeleza kwamba mashine imeharibika, hakuna mtu chini, vijana wote wako Kisenge na Tata Henri. Akamwonyesha gunia la mawe. Polycarpe akatoa mashine yake mfukoni, akapima, na namba ikamfanya ameze mate. Yalikuwa mawe mazuri, ya mwezi uliopita, kutoka kwenye rundo la zamani, lakini mashine haisemi mwezi. Mtu aliyepima magunia maisha yake yote alipima gunia, shimo hakulipima.

Halafu akaona viatu, bilato kama tunavyosema kwetu. Upepo ulikuwa umeinua pembe ya turubai, na pale ukingoni palikuwa na viatu vimepangwa mstari, sandali za plastiki, raba zilizopasuka, malapa. Asiye wa kwetu aelezwe. Vijana huteremka pekupeku, kwa sababu vidole vya miguu ndivyo vinavyoshika vishimo vya ukutani, na viatu vyao hubaki mdomoni mwa shimo. Mtu akiwa chini, viatu vyake havigusi mtu. Ukivigusa, wanasema, hatapanda tena. Hata mwizi havigusi, na hata Henri hakuthubutu kuvigusa.

Katikati ya mstari ule palikuwa na sandali za kijani, ya kushoto imeshonwa kwa waya wa shaba. Polycarpe alizijua. Naomie alizinunua mwenyewe, na yeye alizicheka mlangoni kwake mara nyingi, akisema mkwe wake anavaa chura.

Enyi watu! Angekuwa mwingine angepiga kelele pale pale. Kama viatu viko hapa, wenyewe wako chini. Kama wako chini na turubai iko juu na mashine ya hewa imezimwa, basi kuna nini? Mtoto wa shule angejibu. Lakini tamaa ina macho yake. Polycarpe alitazama viatu vile, akaona kitu kingine kabisa. Alijiambia: ahaa, nimewakamata! Kisenge watu wanaenda pekupeku? Vijana wako chini, wanachimba kimya kimya, wamefikia mshipa mnono, na Henri anaficha. Na huyu Mechack anauza hisa kwa siri kabla bosi wake hajatangaza, au wamegombana humo ndani, si kazi yangu. Na yule panya hapokei simu kwa sababu ameapishwa kunyamaza. Uongo wameusema, naam, aliusikia uongo vizuri sana. Ila ukweli alioutia mahali pake aliupika mwenyewe.

Alisimama pale kwa muda, kiatu chake karibu na sandali za kijani. Mechack alikuwa akimtazama bila kutafuna. Mahali fulani chini palisikika kitu, kama mtu anayetwanga kwenye kinu cha jirani, taratibu, na Mechack akaanza kukohoa na kusema kwa sauti juu ya joto la mwaka huu. Polycarpe alisikia. Ilimfurahisha. Alidhani ni nyundo zao.

Alirudi nyumbani akicheka. Njiani alipita karibu na kwa Naomie, akamwona ameketi mlangoni na wake wawili wa wachimbaji, macho yao barabarani. Angeweza kusimama. Neno moja tu, kwamba nimeona viatu vya bwana wako. Wanawake wale wangeamka, wangeita kaka zao, majembe yangefika kabla jua halijazama. Alilifikiria neno hilo, msidhani hakulifikiria. Akaona kwamba wanawake wakijua vijana wako chini, mji mzima utajua, na mji ukijua, bei itapanda. Akampungia mkono mtoto wake na kupita.

Mezani Mama Ernestine alimuuliza anacheka nini. Akasema hacheki kitu.

Jumatano aliuza kile kiwanja chenye kuta, bila kumwambia aliyekijenga, na kwa haraka yake mnunuzi ndiye aliyembishia bei. Alhamisi asubuhi akaenda kupokea kamba.

Mashahidi walikuwa wazee wawili wa mashimo waliosimama kama watu waliolala vibaya. Henri mwenyewe, mwanaume mwembamba mwenye suti ya kahawia, alihesabu pesa ndani ya gari lililokuwa linanguruma. Mechack akatoa kamba, akaiweka mikononi mwa Polycarpe, na mashahidi wakasema kwa midomo mizito kwamba shimo sasa ni la Tata Tshibangu. Polycarpe aliipima kamba kwa mikono yake. Ilikuwa fupi, na mwisho wake umekatwa kwa kisu, upya. Hapo, Mungu amsamehe, alidai apunguziwe kidogo kwa sababu ya ufupi wa kamba. Henri akampunguzia bila neno, akafunga kioo, gari likaondoka kuelekea njia ya Kisenge. Mtu anayekubali upesi hivyo angemtia mashaka siku nyingine yoyote.

"Ondoeni turubai," akaamuru mwenye shimo.

Mashahidi hawakusogea. Akayaondoa mawe mwenyewe na kuivuta. Chini yake hapakuwa na shimo. Palikuwa na udongo mwekundu, umejaa mpaka karibu na mdomo, umelainika na kushuka katikati kama bukari iliyochotwa. Kipande cha kamba, kile kingine, kilikuwa kimetokeza juu ya udongo, na bomba la hewa pembeni yake.

Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye bomba. Hakusikia kitu. Akaita jina la mkwe wake, na kwa mara ya kwanza aliliita jina lenyewe. Bomba lilimrudishia sauti yake.

Mmoja wa mashahidi akaanza kulia. Akaeleza akiwa amefunika uso kwamba paa la shimo liliwashukia vijana Jumamosi, kwamba waliobaki juu walitaka kuchimba na Henri akawazuia, akawapa pesa na kuwapakia kwenye gari la Kisenge usiku uleule. Kuchimba kungechukua wiki, kungeita polisi, na kilio kingekuwa chake. Akaona ni nafuu kuuza. Akaeleza pia kwamba walio chini walikuwa wanagonga bomba kwa jiwe, na kwamba waligonga mpaka jana asubuhi.

Polycarpe alikuwa bado amepiga magoti. Jumanne, yeye alisimama hapahapa. Jumanne alisikia.

"Juu ya nini mi?" akamuuliza Mechack. "Banunuzi bote ba Kolwezi, juu ya nini mulikuja kwangu?"

Mechack alikuwa ameshapanda pikipiki. Hakuonekana mtu mbaya, alionekana mtu mwenye haraka.

"Tata Henri alisema nitafute mutu mwenye ndugu yake ndani," akasema. "Mwingine angeenda polisi, mwenye ndugu ndani ataogopa aibu. Weye utashitaki nani, Tata? Kamba iko mu mikono yako. Na Jumanne uliona bilato, nilikuona ukibitazama. Nikajua huyu ananunua."

Akawasha pikipiki na kwenda zake.

Habari haikuhitaji miguu. Kabla ya saa sita wanawake walikuwa wamejaa uani kwa Polycarpe, kama mila inavyotaka, kanga zimefungwa kiunoni, wameketi chini bila mikeka. Yeye alirudi amebeba viatu ndani ya gunia, maana kuvirudisha nyumbani ni kazi ya mwenye shimo, na sasa havikuwa na mwiko tena. Akavitoa kimoja kimoja na kuvipanga kwenye mchanga. Kila jozi ilipotua, mwanamke mmoja alipiga yowe. Sandali za kijani alizibakisha za mwisho. Mkono wake ulikataa kuzitoa kwenye gunia mpaka alipouvuta kwa ule mwingine.

Naomie hakupiga yowe. Alikuwa ameketi pamoja na wale wajane, si pamoja na mama yake, na alipoitwa ndani alikataa. Akazitazama zile sandali, kisha akamtazama baba yake.

"Tata, bilato hizi ulibiona lini?"

Watu waliacha kulia ili wasikie. Polycarpe alitazama mlango, akatazama wanawake, akatazama angani. Hata hapo, jamani, hata hapo alitafuta punguzo.

"Leo," akasema.

Mama Ernestine alikuwa kizingitini, mikono yake ina chumvi. Alikuwa amekwisha kuambiwa habari ya kiwanja. Hakupandisha sauti.

"Jumanne ulirudi unacheka," akasema. "Nilikuuliza unacheka nini. Ulikuwa unacheka nini, Polycarpe?"

Alifungua mdomo uleule ulioshusha bei za magunia ya watu miaka ishirini, ukabaki wazi, na nzi akatua juu yake. Mmoja wa wake wawili waliokuwa wameketi na Naomie siku ile akakumbuka mkono uliopungwa barabarani, akasema kwa sauti kwamba naam, alipita, alitupungia. Hapo ndipo yowe la Naomie lilipotoka. Lilitoka refu, na wanawake wote walinyamaza kulipisha.

Lilipokwisha alisimama, akachukua sandali, akazifuta mchanga kwa kanga yake, moja halafu nyingine. Akamsogelea baba yake karibu sana.

"Mwenye shimo njo weye?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi untolee bwana yangu."

Akarudi kuketi. Hakumtazama tena, siku ile wala siku zilizofuata.

Polycarpe akaiokota kamba kutoka kwenye gunia tupu. Ilikuwa fupi, isingemfikisha popote. Akatembea nayo mpaka sokoni, watu wakimpisha njia, akaingia kwenye duka la vifaa na kuomba kamba ndefu kuliko zote. Mwenye duka alikuwa ameshasikia, na Kolwezi huruma haiingii kwenye bei. Alimjua Polycarpe, alikuwa na madeni ya zamani ya ubishi naye. Akataja bei mara tatu ya ile ya kawaida, akakunja mikono na kungoja.

Polycarpe akalipa.